Vidoti Vyeusi vya Usoni: Jinsi ya Kuviondoa na Kuvizuia Visirudi

Weusi wa vidoti vinavyojaa puani na kidevuni si uchafu. Ukilielewa hilo, makosa mengi yanayofanywa mbele ya kioo yanakwisha, maana karibu yote huzaliwa na imani kwamba uso haukuoshwa vya kutosha. Mtu anasugua kwa dodoki, anatafuta sabuni kali zaidi, anaosha uso mara tano kwa siku. Wiki mbili baadaye vidoti viko palepale, ila sasa ngozi imekauka na inachonyota kila ikiguswa na maji.

Kinachotokea ni hiki. Kila kitundu cha ngozi ni mdomo wa kifuko kidogo ambamo unywele huota. Ubavuni mwa kifuko kuna tezi inayotoa mafuta, na ukuta wake wa ndani hupukutisha seli zilizokufa kila siku. Ngozi ikiwa katika hali yake ya kawaida, mafuta huzibeba seli hizo hadi nje bila wewe kujua. Shida huanza pale seli zinapopukutika kwa wingi kupita kawaida na kung'ang'aniana. Zikishikana na mafuta hufanya kizibo. Mdomo wa kitundu ukibaki umefunikwa, unapata kipele kidogo cha rangi ya ngozi au cheupe. Ukipanuka, kizibo hukutana na hewa, na mafuta yake pamoja na melanini, ileile inayoipa ngozi rangi, huungana na oksijeni na kuwa meusi. Weusi huo uko kichwani tu. Kizibo kikitoka kizima utaona shina lake ni jeupe au la manjano.

Tezi hizo hutii homoni, hasa androjeni (zile ziitwazo homoni za kiume), na ndiyo sababu vidoti huanza kuonekana wakati wa kubalehe. Hupenda pua, paji la uso, kidevu, kifua na mgongo kwa kuwa huko tezi ni nyingi na kubwa. Urithi nao una sehemu yake. Kwa hiyo mtu msafi kabisa anaweza kuwa na vidoti tele, na jirani yake asiyejali sabuni akawa na uso laini. Ni uonevu kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Kabla ya kununua chochote: hakikisha ni vidoti kweli

Simama karibu na dirisha mchana, uso ukiwa mkavu na hauna vipodozi, uangalie pua kwa makini. Ukiona vijidoti vya kijivu au manjano hafifu, bapa, vyenye ukubwa mmoja, vilivyotapakaa kwa usawa pua nzima, hizo ni nyuzi za mafuta. Kila mwenye pua anazo. Kazi yake ni kuyaongoza mafuta kutoka kwenye tezi hadi juu ya ngozi. Ukizikamua hutoka uzi mwembamba laini, na baada ya wiki chache, mara nyingi ndani ya mwezi, hujaa upya. Watu wengi wanaohangaika miaka na miaka na "vidoti vya puani visivyokwisha" wanapigana na sehemu ya mwili ambayo haina ugonjwa wowote. Asidi ya salisiliki na retinoidi, ambazo nitazieleza hapa chini, huzifanya zisionekane sana, lakini kuzimaliza haiwezekani na si lazima.

Kidoti halisi huwa cheusi zaidi, kikubwa kuliko majirani zake, kimetokeza kidogo, na ukipitisha ncha ya kidole unahisi kitu kigumu.

Kuna kingine kinachowachanganya wenye ngozi nyeusi: vinundu vidogo vya kahawia iliyokoza au vyeusi, vinavyoota mashavuni na pembeni mwa macho, vikiongezeka kadiri umri unavyosogea, na mara nyingi mama au baba pia anavyo. Vinundu hivyo havina kitundu wala kizibo. Havina madhara, na hakuna krimu ya vidoti itakayoviondoa. Asiyevipenda aende kwa daktari wa ngozi, asijaribu kuvikata au kuvichoma nyumbani. Na doti jeusi moja tu linalokua, linalobadilika rangi, linalotoa damu au linalogeuka kidonda kisichopona, hilo lipeleke hospitali mapema, usilipake chochote.

Hatua ya 1: Ondoa kinachoziba

Watu hupenda kuanza na dawa. Mimi naanza na kabati, kwa sababu hakuna dawa itakayoshinda kitu unachojipaka upya kila asubuhi.

Toa kila unachopaka usoni na kichwani, ukipange mezani. Anza na mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi Plewig, Fulton na Kligman walieleza aina ya chunusi inayotokana na pomedi, yaani mafuta mazito ya nywele: vipele na vidoti vingi vilivyojipanga kwenye paji la uso na panja, yaani palepale mafuta ya kichwani yanaposhukia. Kama vidoti vyako vimeizunguka mipaka ya nywele na pua yako ni safi, mtuhumiwa wa kwanza ni hayo mafuta. Paka mafuta kwenye nywele zenyewe au katikati ya kichwa, acha nafasi ya vidole viwili kutoka ukingoni mwa paji, funga nywele unapolala, na ubadilishe kitambaa cha kichwa kabla hakijaloa mafuta.

Halafu angalia unachopaka usoni. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao ni mazuri kwa miguu na viwiko, lakini yana sifa ya kuziba vitundu vya uso kwa watu wenye ngozi ya mafuta. Mafuta mazito ya mgando ya petroli hayajaonekana kuzalisha vidoti yenyewe, ila yanaufanya uso ung'ae na kunata, kwa hiyo yaache kwa midomo na visigino. Fandesheni nzito inayopakwa asubuhi na kulaliwa usiku ni shida ya wazi.

Kopo likiandikwa kwamba bidhaa haizibi vitundu, lichukue kama dokezo tu. Sehemu kubwa ya vipimo vya zamani ilifanyika kwenye masikio ya sungura, ngozi ambayo huziba upesi kuliko ya binadamu, na hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote hulazimika kukifuata kabla ya kuandika maneno hayo. Dokezo ni bora kuliko kukosa dokezo, lakini uso wako ndio utakaotoa jibu.

Kingine ni krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zinazouzwa kiholela huwa na steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe, ambazo orodha ya viambato haizitaji. Steroidi ikipakwa usoni kwa muda huleta vipele vingi vinavyofanana, huikondesha ngozi, na ukiiacha ghafla uso huwaka. Aliyeitumia kwa miezi asiache kwa siku moja akiwa peke yake. Amwone daktari ampangie namna ya kupunguza.

Wanaofanya kazi kwenye grisi na mafuta ya mashine nao wana vidoti vyao, hasa mapajani na mikononi, nguo inapoloa na kugandana na ngozi. Dawa ya kwanza hapo ni kubadilisha ovaroli na kuoga mara baada ya kazi.

Hatua ya 2: Osha uso mara mbili, na usiulazimishe

Asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Ukitoka jasho jingi, osha mara ya tatu. Zaidi ya hapo ni adhabu.

Uso wenye afya una uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi) ikiwa karibu 5. Sabuni ya mche ya kawaida huwa na pH ya 9 au 10, na ndiyo maana baada yake unahisi ngozi imekazana. Wengi huita mkazo huo usafi. Ni ngozi iliyopokonywa ulinzi wake, na ngozi ya namna hiyo haitavumilia dawa za hatua zinazofuata. Tafuta sabuni laini ya uso, ya maji au jeli, isiyo na manukato makali. Tumia maji ya uvuguvugu. Sambaza kwa ncha za vidole kwa nusu dakika hivi, upite pembeni mwa pua na chini ya mdomo ambako wengi huruka, suuza vizuri, kisha kausha kwa kugusagusa na taulo safi.

Kama umepaka meikapu au losheni ya jua isiyotoka kwa maji, iondoe kwanza kwa maji ya kuondolea meikapu au mafuta ya kusafishia yanayosuuzika, ndipo utumie sabuni yako.

Mvuke wa maji moto haufungui vitundu, na maji ya barafu hayavifungi. Vitundu havina misuli ya kufunguka na kufunga. Mvuke hulainisha kizibo kwa dakika chache tu, na ukikaa karibu mno unaweza kuungua.

Hatua ya 3: Chagua dawa moja

Neno "moja" ndilo muhimu. Anayenunua bidhaa tano siku moja hatajua ipi imemsaidia wala ipi imemuunguza.

Kwa vidoti vichache, au kwa anayeanza, chagua asidi ya salisiliki. Faida yake ni kwamba huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huweza kupenya ndani ya kitundu kilichojaa mafuta na kulegeza seli zilizogandamana. Asidi kama ya glikoliki hufanya kazi zaidi juu juu. Nguvu inayouzwa bila cheti cha daktari huwa kati ya asilimia 0.5 na 2. Ya kupaka na kuiacha usoni ina nguvu zaidi kuliko iliyo ndani ya sabuni, maana ile ya sabuni inasuuzwa kabla haijatulia. Paka safu nyembamba usiku, mara tatu kwa wiki kwanza, sehemu zenye vidoti pekee. Ngozi ikivumilia, ongeza taratibu hadi kila siku. Mwenye mzio wa aspirini asiiguse, kwa sababu dawa hizo mbili ni ndugu.

Kwa vidoti vingi, au vinavyorudi kila mara na kuchanganyika na chunusi, retinoidi ndizo dawa zenyewe. Hizi ni jamaa za vitamini A. Hurekebisha namna seli za ukuta wa kitundu zinavyokomaa na kupukutika, kwa hiyo huzuia kizibo kipya kisijengeke na hulegeza cha zamani. Tretinoini ilianza kutumika kwa chunusi mwishoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo huhitaji cheti cha daktari. Adapalini ni mpole zaidi. Jeli yake ya asilimia 0.1 inauzwa Marekani bila cheti tangu 2016 kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, lakini katika nchi nyingine bado inaandikwa na daktari. Muulize mfamasia.

Namna ya kuipaka ndiyo inayoamua kama utaendelea nayo au utaitupa wiki ya pili. Osha uso usiku, ukaushe, subiri dakika kama 20 ngozi ikauke kabisa, maana ngozi yenye unyevu huwashwa zaidi. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye pembe za mdomo, pembe za pua na chini ya macho. Huko dawa hujikusanya na kuchoma. Chukua dawa kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Uso mzima, narudia. Hii si dawa ya kudondoshea juu ya kidoti kimoja kimoja, kwa kuwa inafanya kazi pia kwenye vizibo ambavyo bado huvioni kwa macho. Igawanye kwa vitone paji la uso, mashavu yote mawili, pua na kidevu, uisambaze, kisha upake losheni ya kulainisha.

Anza na usiku mmoja, pumzika mbili. Baada ya wiki mbili au tatu, paka usiku mmoja na kuruka mmoja. Kila usiku baadaye, kama ngozi imekubali. Mwenye ngozi kavu anaweza kupaka losheni kwanza, dawa, kisha losheni tena. Dawa haiharibiki kwa hilo na mateso yanapungua.

Wiki za mwanzo ngozi itakauka na kubanduka kidogo, na chunusi zilizokuwa zimejificha zinaweza kutokea kwa pamoja. Hapo ndipo wengi huacha, wakisema dawa imewaharibu. Kubanduka kidogo ni kawaida. Kuwaka, kuvimba, kuchubuka mpaka kutoa maji si kawaida: simamisha, tumia losheni tu kwa siku kadhaa, kisha rudi kwa mwendo wa polepole zaidi. Na usiondoe nyusi au ndevu kwa nta wakati unatumia retinoidi, ngozi inaweza kutoka pamoja na nywele.

Mjamzito, au anayepanga kupata mimba, asitumie retinoidi. Anaweza kuzungumza na daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo inaruhusiwa wakati wa ujauzito na tena husaidia kufifisha madoa.

Na benzoili peroksidi? Ni dawa nzuri ya chunusi nyekundu zenye usaha kwa kuwa huua bakteria. Kwa vidoti vitupu sio chaguo langu la kwanza. Ukiitumia, anza na asilimia 2.5, na ujue kwamba huchujua rangi ya taulo na mito. Usiipake kwa wakati mmoja na tretinoini, kwa sababu huidhoofisha. Adapalini haina shida hiyo.

Hatua ya 4: Losheni na kinga ya jua

Mwenye ngozi ya mafuta huogopa losheni. Asiogope. Dawa zote nilizozitaja hukausha, na ngozi iliyokauka huwashwa, ikiwashwa utaiacha dawa. Chagua losheni nyepesi au jeli yenye gliserini, asidi ya hialuroniki au niasinamidi, uipake asubuhi na usiku.

Asubuhi, juu yake, losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi inayozuia miale ya UVA na UVB. Kipimo ni mistari miwili iliyojaa, urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Ukishinda nje, rudia kila baada ya saa mbili. Kwa ngozi nyeusi kinga hii ina kazi ya ziada: kila chunusi iliyovimba au kuminywa huacha doa, na mwanga hulifanya doa likoze na kukaa miezi. Losheni ya jua yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma, huzuia pia mwanga unaoonekana kwa macho, na mwanga huo nao huchangia madoa. Kama losheni ya jua inakuacha na ukungu mweupe usoni, hiyo yenye rangi ndiyo ya kutafuta.

Jua lenyewe linaweza hata kuzalisha vidoti. Wazee waliopigwa na jua kwa miaka mingi, hasa wavuta sigara, hupata vidoti vikubwa vyeusi vilivyozunguka macho na juu ya mashavu. Hao si watu wa kubalehe na tezi zao hazijachangamka; ni ngozi iliyolegea kwa jua hadi vitundu vikapanuka.

Kukamua

Najua utakamua. Kila mtu hukamua, hata anayewakataza wengine. Kwa hiyo nianze na sababu ya kukataa, kisha niseme namna ya kupunguza madhara.

Unapominya, nguvu ya vidole huenda pande zote. Sehemu ya kizibo hutoka juu, na nyingine huweza kupasua ukuta wa kitundu chini ya ngozi. Mwili huona mafuta na seli hizo kama wavamizi, uvimbe huanza, na kidoti kilichokuwa kimetulia kinageuka jipu dogo linaloacha doa au kovu. Kazi hii ni salama zaidi mikononi mwa daktari wa ngozi au mtaalamu aliyefunzwa, mwenye kifaa cha kitanzi kilichosafishwa vizuri.

Ukiwa umeamua, subiri kwanza wiki kadhaa za dawa, maana kizibo kilicholegezwa hutoka chenyewe karibu bila nguvu. Nawa mikono. Weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu kwa dakika tano. Funika vidole viwili kwa tishu, usitumie kucha wala pini, bonyeza taratibu kutoka pembeni kuelekea chini kisha ndani. Hakijatoka baada ya kujaribu mara mbili? Kiache. Chenye wekundu, maumivu au usaha usikiguse kabisa. Usiku huo usipake dawa, losheni inatosha.

Plasta za pua zinazovutwa zinafurahisha kuangalia, nakubali. Hung'oa vichwa vya vizibo na nyuzi za mafuta, pua inaonekana safi siku chache, kisha vitundu vinajaa upya kwa sababu kilichosababisha hakikuguswa. Mwenye ngozi nyepesi, au anayetumia retinoidi, anaweza kuondoka na kipande cha ngozi.

Skrabu za chembe kubwa nazo zina kasoro ileile ya msingi: kizibo kimekaa ndani ya shingo ya kitundu kama kizibo cha chupa, na kusugua kichwa chake hakukitoi.

Vitu vya jikoni vibaki jikoni. Maji ya limau yana pH ya karibu 2, na yakikutana na jua kwenye ngozi, ndimu hasa, yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi. Magadi ya kuokea yako upande wa pili, ni ya alkali, na huvuruga uchachu wa ngozi. Dawa ya meno inaunguza. Asali haina ubaya mkubwa, ila sijaona namna itakavyoyeyusha kizibo.

Masikio, mgongo na kifua

Vidoti vikubwa vya ndani ya kikombe cha sikio huwa vya miaka, vigumu, na vinatamanisha kuchokolewa. Paka asidi ya salisiliki kwa pamba ya kijiti mara mbili au tatu kwa wiki, sehemu ya nje tu, kamwe usiiingize kwenye tundu la kusikilia. Kikubwa sana daktari anakitoa kwa dakika moja.

Kwa mgongo, sabuni yenye asidi ya salisiliki iliyoachwa dakika mbili au tatu kabla ya kusuuza ni rahisi kuliko kutafuta wa kukupaka. Osha nywele kwanza na mgongo mwisho, ili mabaki ya mafuta na kondishena yasibaki yamekauka mgongoni. Baada ya mazoezi badilisha fulana iliyoloa. Mikanda ya mabegi, kofia ngumu na barakoa huongeza vipele kwa msuguano na jasho, kwa hiyo vioshwe na visikaze kupita kiasi.

Vidoti vyeusi viwili viwili vilivyopakana kwapani au kinenani, vikiandamana na majipu yanayorudi, ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni dalili ya ugonjwa sugu wa ngozi unaohitaji daktari, na kadiri unavyotibiwa mapema ndivyo makovu yanavyopungua.

Chakula, mito, simu

Tafiti kadhaa zimehusisha chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, na kwa kiasi fulani na maziwa. Mtu akiona uso wake unachafuka kila baada ya kitu fulani, apunguze aone. Foronya na kioo cha simu vioshwe kwa usafi wa kawaida, ila usitegemee kwamba hapo ndipo tiba ilipo.

Kalenda ya miezi mitatu

Wiki mbili za kwanza: kabati limesafishwa, sabuni laini, losheni, kinga ya jua. Hakuna dawa. Kuna watu ambao hatua hii pekee inawatosha, hasa waliokuwa wanasugua au waliokuwa na tatizo la mafuta ya nywele.

Wiki ya tatu, ingiza dawa moja uliyochagua. Piga picha ya pua na kidevu siku hiyo, karibu na dirisha lilelile na saa ileile, kisha piga nyingine kila baada ya wiki nne. Kioo cha kila siku hudanganya. Mabadiliko ni ya polepole mno kuonekana asubuhi hadi asubuhi. Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban wiki nne kujibadilisha, hivyo salisiliki huanza kuonyesha kazi baada ya wiki nne hadi sita, na adapalini baada ya wiki nane hadi 12.

Kama baada ya wiki 12 za kutumia bila kurukaruka picha hazina tofauti, mwone daktari wa ngozi. Nenda mapema zaidi kama kuna uvimbe wenye maumivu, makovu yanaanza kuchimba, au kwa mwanamke hedhi inapotea njia na nywele nene zinaota kidevuni, maana huenda homoni zinahitaji kuchunguzwa. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja lakini hajafika saba, akiwa na vidoti na chunusi, apelekwe bila kungoja akue.

Anayeona mafanikio asiache dawa siku hiyo hiyo. Vizibo hujengeka kimyakimya kwa wiki kadhaa kabla havijaonekana, na tezi za mafuta hazijabadilika. Punguza hadi usiku mbili au tatu kwa wiki, uangalie mwezi mzima. Uso ukibaki vizuri, huo ndio mwendo wako. Vidoti vikianza kurudi, ongeza usiku mmoja.